PSP na CFW: yale niliyojifunza kwa kuzishika mwenyewe

Wanaosema PSP, ile mashine ya gemu ya mkononi ya Sony, imepitwa na wakati waje Temeke wakae na mimi Jumamosi moja tu. Zinakuja, nyingine zimetoka kwenye mzigo wa Dubai, nyingine shangazi wa mtu alikuja nayo toka Uingereza ikalala kabatini miaka, dogo kaikuta juzi anataka acheze, na kilio cha wote ni kimoja, disku za UMD hazipatikani na hata ukizipata kile kisomeo cha disku kimeshachoka, kinakwaruza kwaruza halafu kinakataa. Duka la kwenye mashine yenyewe nalo Sony walishazima ununuzi Julai 2021, kwa hiyo ukiwa na PSP peke yake huna pa kununulia. Hapo ndo CFW inapoingia, yaani kastomu famwea, unaweka ile programu ya ndani iliyotengenezwa na wapenzi wenyewe na ghafla mashine iliyoanza kuuzwa Japani Desemba 2004 inasoma gemu toka kwenye memori kadi, inacheza gemu za PS1, inafungua emuleta, yaani programu za kuigiza mashine nyingine, za mashine za zamani zaidi yake, na viprogramu vingi ambavyo watu waliviandika bure kwa mapenzi tu.

Mimi nilianza na ya kwangu, zikafuata za ndugu, sasa hivi ni za mtaa. Na kitu ninachokishikilia kuliko vyote ni hiki, anza na hatua ambayo unaweza kurudi nyuma, na kabla ya hiyo hatua ijue mashine uliyoshika mkononi ni ipi. Mtu akinisikiliza hapo tu mengine yote atayapata njiani.

Kuijua mashine maana yake geuza nyuma usome ile lebo. PSP-1000 ndo ile nene nzito, 2000 ikaja 2007 nyembamba, 3000 ikaja 2008 ina maiki na skrini kali zaidi, halafu kuna Go ya 2009 ambayo haina disku kabisa, na E1000 ya 2011 ile ya bei rahisi isiyo na waifai. Namba ya mwisho inakuambia ilitengenezwa iuzwe wapi, yenye 0 ya Japani, 1 Marekani, 3 Uingereza, 4 Ulaya. Hii ya Japani watu wanachanganyikiwa nayo sana kwa sababu kule duara ndo kukubali na X ni kurudi nyuma, unakuta mtu anafuata maelekezo anabonyeza X kila saa anashangaa mbona inarudi tu, anadhani imegoma. Ukishamaliza lebo ingia kwenye settings, shuka mpaka kwenye taarifa za mfumo, usome toleo. Ikiwa ni 6.60 au 6.61 uko pazuri, 6.60 ilitoka 2011 na 6.61 ya Januari 2015 ndo ya mwisho kabisa, hakuna nyingine itakayokuja, na ndo maana kila kitu cha maana leo kimetengenezwa kwa ajili ya hizo mbili. Ikiwa ni chini ya hapo panda kwanza kwa apdeti rasmi, lile faili la EBOOT.PBP unaliweka ndani ya folda PSP halafu GAME halafu UPDATE, unalifungua kama gemu.

Kwa nini nasisitiza hivi. Kuna dogo aliletwa na mama yake, PSP 3000 nyekundu safi haina hata mkwaruzo, ukiwasha taa ya kijani inawaka, skrini nyeusi tii, sekunde kadhaa taa inazima. Mama ananiambia "baba, jana ilikuwa nzima, kaka yake kaangalia video akaifanyia kitu". Hicho kitu kilikuwa kuishusha toleo. Video yenyewe ilikuwa ya miaka ile ambayo watu walikuwa wanatafuta matoleo ya chini kwa sababu ndo yalikuwa na upenyo, yaani kosa la kupitishia CFW, na yule kaka hakujua kwamba kila mashine ina toleo ilizaliwa nalo kiwandani, ukiishusha chini ya hapo ile programu ya zamani haivijui vifaa vya ndani vya hiyo mashine mpya, basi imekufa hapo hapo. Iliniuma kwa kweli. Mtoto amekaa pembeni ananiangalia mikono tu.

Ingekuwa 1000 au zile 2000 za mwanzo ningeiamsha, maana hizo zina njia yake, betri ya Pandora. Hiyo ilijulikana 2007, wataalamu waligundua kwamba betri ya PSP ina kichipu chenye namba yake, na namba hiyo ukiibadilisha iwe ile maalum ya kiwandani mashine inaamka kwenye hali ya mafundi, haisomi tena kumbukumbu yake ya ndani, inasoma moja kwa moja toka kwenye memori kadi uliyoiandaa. Yaani hata kama ndani pameharibika vipi unaipiga upya. Siku za Dark_AleX, yule mtengenezaji wa CFW, na M33 zake hiyo betri ilikuwa dhahabu. Ila Sony wakaona, wakabadilisha mazabodi, zile 2000 za mwisho zenye bodi ya TA-088v3 hazikubali, na 3000 zote hazikubali betri hiyo. Miaka ya karibuni kuna njia imepatikana ya kompyuta kujifanya betri kwa waya maalum ili hata 3000 iingie hali ya mafundi, lakini hiyo inataka vifaa na mkono uliozoea, usimwambie mtu aharibu kwa kutegemea kwamba itafufuliwa. Yule mama nilimwambia ukweli, asiitupe, aiweke sehemu kavu, atoe betri.

Sasa turudi kwenye hatua ya kurudi nyuma. Watu wengi wanataka CFW ya kudumu siku ya kwanza na mimi siku ya kwanza siwapi. Kuna aina mbili. Ile ya muda, kama PRO au LME, haigusi sehemu ya kuwashia mashine, inaongeza mambo yake halafu unaiita mwenyewe. Ukiizima mashine kabisa ikiamka inaamka na programu ya kiwandani kama vile hujawahi kufanya kitu. Na ya kudumu, kama ile Infinity ya Davee, inashika mpaka kwenye kuwaka, kila ukiwasha CFW ipo. Ya pili ni raha ndiyo, lakini ya kwanza ndo inakuambia kama mashine yako ina shida gani kabla hujaigusa pabaya.

Kuiweka yenyewe ni kazi ndogo sana siku hizi na kuna sababu. Mwishoni mwa 2010 kundi la wadukuzi la fail0verflow lilionyesha Berlin kwamba Sony walikosea kwenye sahihi za PS3, namba ambayo ilitakiwa ibadilike kila mara walikuwa wanatumia ileile, na baada ya hapo kwenye PS3 humo humo zikapatikana funguo za PSP pia. Maana yake programu ya mtu wa kawaida ikaweza kusainiwa ikaonekana kama imetoka kwa Sony wenyewe, mashine haiulizi. Kabla ya hapo ilikuwa kazi, unatafuta gemu fulani lenye upenyo, au picha ya TIFF iliyopindishwa makusudi uifungue kwenye albamu ya picha, unaomba isikwame. Leo unapakua zip, unaifungua kwenye kompyuta, ndani unakuta folda, unaziweka kwenye PSP/GAME, unarudi kwenye menyu ya gemu unaziona zimekaa pale kama gemu zingine. Kwa PRO unafungua ile ya apdeti, unabonyeza X (au duara kama ni ya Japani, si nilisema), inaandika mistari kadhaa inawaka upya. Ukirudi kwenye taarifa za mfumo unaona 6.61 PRO-C badala ya 6.61 tupu. Ambao wanaanza leo mimi nawapa ARK-4 zaidi maana bado inashughulikiwa na mafaili yake makuu yanakaa kwenye memori kadi ndani ya folda ya SAVEDATA, ukiifuta imeondoka.

Lakini hapa kwenye ya muda ndo simu zinapopigwa usiku. "Kaka imejifuta." Haijajifuta. Ile swichi ya kuwasha pale upande wa kulia, ukiisukuma juu ukaiachia mashine inalala tu, CFW inabaki. Ukiisukuma ukaishikilia sekunde tatu nne inazima kabisa, na hapo CFW imetoka, ukiwasha unatakiwa uingie kwenye gemu ufungue ile Fast Recovery sekunde moja imerudi. Betri ikiisha kabisa ni hivyo hivyo, ukiichomoa ni hivyo hivyo. Sasa kabla mtu hajaondoka namkalisha, azime mbele yangu, awashe, aone gemu zake hazipo, afungue, aone zimerudi. Afanye mwenyewe na vidole vyake. Simu zimepungua sana tangu nianze hivyo, na mtu akikaa na ya muda mwezi hivi mashine haina kelele, akija kutaka ya kudumu namfanyia roho nyeupe.

Nije kwenye memori kadi maana hapa ndo pana maneno. Nikipokea PSP inayosemekana "CFW yake mbovu", gemu linakwama katikati, au sevu zinapotea, au mashine inakaa kwenye skrini ya mwanzo muda mrefu mpaka unakata tamaa, kitu cha kwanza sigusi CFW, nachomoa kadi. Mara nyingi sana shida iko pale. PSP, ukiacha Go, inatumia Memory Stick Pro Duo, ambazo za ukweli kwa sasa ni adimu, na sokoni zimejaa za bandia zilizoandikwa ukubwa ambao hazina. Imeandikwa GB 32 ndani kuna 4, na ujanja wake ni kwamba ukiiweka kwenye kompyuta inasema 32 bila aibu. Unapakia gemu la kwanza linacheza, la pili linacheza, unafurahi, la tatu likivuka pale ukweli unapoishia kadi inaanza kuandika juu ya ulivyoviweka mwanzo. Kwa hiyo lile gemu la kwanza lililokuwa zima linaharibika leo bila wewe kuligusa, na mtu anaapa kabisa kwamba CFW ndo imeliharibu kwa sababu ndo kitu kipya alichoweka.

Njia ya kuijua ni kuijaza yote halafu kuisoma yote. Kuna kiprogramu cha bure cha Windows kinaitwa H2testw, kwa Linux kuna F3, kinaandika mpaka mwisho wa kadi halafu kinarudi kusoma kilichoandika kama kiko vilevile. Inachukua muda, unaiacha inaenda unafanya mengine, lakini jibu lake halina mjadala. Mimi siweki gemu hata moja kwenye kadi ambayo sijaipima hivyo, hata kama mwenyewe ana haraka kiasi gani, namwambia kaka kunywa chai kwanza. Kilichonisaidia zaidi ni kuhamia kwenye adapta, kile kijikadi cha umbo la Pro Duo ambacho unachomeka ndani yake microSD ya kawaida ya simu. MicroSD nzuri inapatikana popote, ukinunua kwa mtu unayemwamini na ukaipima. Kuna adapta zinazobeba mbili kwa pamoja, hizo mimi nimeziacha, kadi zote mbili zinafanywa moja kwa hiyo moja ikifa zote zimeondoka, moja inatosha. Na kitu kingine, ukishaweka kadi mpya formati ndani ya PSP yenyewe kwenye settings, sio kwenye kompyuta, inakutengenezea folda zake zote vizuri. Halafu unaongeza folda ya ISO (ISO ni faili la nakala ya disku nzima) wewe mwenyewe, hiyo inakaa nje kabisa ya folda ya PSP, sio ndani, watu wengi wanaiweka ndani ya PSP/GAME halafu wanasema gemu halionekani.

Kuhusu ISO na CSO, CSO imebanwa inakula nafasi ndogo lakini gemu zingine zinapakia taratibu au video zake zinakatika katika. Kama una nafasi acha ISO. Basi.

Umeme. Apdeti ya Sony yenyewe inakataa kuanza kama betri haina chaji ya kutosha au chaja haijachomekwa, na huo ni ulinzi mzuri, usitafute namna ya kuuzunguka. Wakati wa kuandika kumbukumbu ya ndani mashine ikizima katikati ndo mwisho wake, na sisi tunajua umeme wetu. Betri ikiwa nzima umeme ukikata inaendelea kama haijasikia kitu. Tatizo ni kwamba betri za PSP sasa hivi ni wazee, zinavimba. Ukiona kile kifuniko cha nyuma kimeinuka, au ukikibana hakikazi vizuri, usiweke kitu chochote, usiichaji hata, itoe kwanza. Usiitoboe, usiibane irudi. Mimi nina betri moja nzima ya 2000 ambayo inaingia pia kwenye 3000, nikipata mashine yenye betri ya mashaka naweka hiyo ya kwangu, nafanya kazi, namrudishia mwenyewe mashine na kumwambia akatafute betri. Ya 1000 haiingiliani maana yenyewe ni nene, 1800 mAh, wakati hizi nyembamba ni 1200.

Kabla ya ya kudumu lazima bakapu ya NAND, yaani nakala ya kumbukumbu yote ya ndani. Ndani humo kuna sehemu yenye vitambulisho vya hiyo mashine peke yake, huwezi kuchukua ya mwingine ukaipachika ikawa ileile. Naitoa, naihifadhi kwenye kompyuta kwa jina la mwenyewe, na nyingine nampa kwenye flash. Wengine wanaona kama napoteza muda wao, sawa tu.

Plagini, vile viprogramu vya kuongezea mambo kwenye CFW, nazo ni tamu zina sumu. Unaweka folda ya seplugins, ndani yake faili za maandishi, game.txt za kwenye gemu, vsh.txt za kwenye menyu, pops.txt za gemu za PS1, kila mstari unaandika njia ya faili halafu nafasi halafu 1 ya kuwasha au 0 ya kuzima. Mtu anaona kuna plagini ya kubadilisha muonekano, ya kupiga picha skrini, ya kupandisha kasi, anazirundika zote siku moja halafu mashine haiwaki, inaganda kwenye nembo. Usiogope hapo, zima, kama CFW ni ya kudumu shikilia kitufe cha R huku unawasha, inaingia kwenye menyu ya rikavari, nenda kwenye plagini zime zote. Au rahisi zaidi chomoa memori kadi, washa, maana plagini zinakaa humo. Weka moja, cheza nayo siku mbili, ndo uongeze nyingine, hivyo tu unajua nani mkorofi. Na hiyo kasi, prosesa inafika 333 MHz wakati gemu nyingi zilipangiwa 222, ukiiacha juu muda wote hata kwenye menyu betri inaisha haraka bila faida yoyote, panda pale gemu linapokwama tu.

Watu wananiuliza kama ni halali. Mimi msimamo wangu ni kwamba mashine ni yako, ukitaka ibadilishe, lakini gemu la mtu ni jasho la mtu. Ninachokipenda kuliko kudaunlodi ni kutoa nakala ya disku yako mwenyewe, na CFW inaweza hilo vizuri sana ila wengi hawajui. Ukiwa kwenye menyu kuu bonyeza Select, inakuja menyu ndogo, kwenye sehemu ya USB chagua UMD badala ya memori kadi, chomeka waya kwenye kompyuta. Kompyuta inaona faili moja la ISO, ndo ile disku yako yote, unalikopi. UMD inabeba mpaka GB 1.8 kwa hiyo inachukua dakika zake na kisomeo kinalia, usiitikise. Fanya hivyo sasa hivi wakati kisomeo bado kinasoma, maana lile ganda la plastiki la UMD nalo linaachia gundi, kile kioo chake kinabanduka, na disku zenyewe hazichapwi tena.

Kuna mzee mmoja hapa alikuja na UMD za mwanae aliyeko masomoni nje, ganda mbili zimepasuka, akaniuliza kama zinaweza kuokolewa kabla kijana hajarudi likizo. Tulizigandisha kingo kwa gundi kidogo sana isifike kwenye disku, tukaacha zikauke usiku mzima, asubuhi moja ikasoma mpaka mwisho. Ya pili inafika nusu inakata. Tumeisafisha kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje, bado inakata palepale, nasubiri PSP nyingine yenye kisomeo kizima zaidi nijaribu tena.